Sierra Leone na Reli ya Futi Mbili na Nusu

Upande wa magharibi wa mji wa Freetown ipo barabara inayoitwa Old Railway Line, yaani njia ya zamani ya reli. Treni yenyewe iliacha kupita hapo mwaka 1929, kwa hiyo wengi wa wanaolitaja jina hilo kila siku, wakimwelekeza dereva wa teksi au wakijaza anwani kwenye fomu, ni wajukuu na vitukuu vya watu walioisikia ikipanda kilima. Reli kuu ya nchi, ile iliyoanzia bandarini na kuelekea mashariki hadi karibu na mpaka wa Liberia, ilidumu zaidi, lakini nayo ilifungwa mwaka 1974. Tangu hapo Sierra Leone, nchi ya kilomita za mraba 72,000 hivi ambayo wakati mmoja ilikuwa na zaidi ya kilomita 500 za reli ya serikali, haina mtandao wa treni ya abiria.

Wanaoikumbuka reli hii wamegawanyika katika makundi mawili ambayo ni nadra kukutana. Kundi la kwanza ni la wapenzi wa injini, wengi wao wakiwa Ulaya, ambao wanajua namba ya kila kichwa cha treni, kiwanda kilichokiunda na mpangilio wa magurudumu yake. Kundi la pili ni la watu wa miji iliyokuwa stesheni, kama Segbwema, Blama, Daru na Pendembu, ambao kwao reli ni kipimo cha wakati: kabla haijaondoka na baada ya kuondoka. Makundi yote mawili yana haki ya kumbukumbu yao. Hata hivyo naona jambo moja linawaponyoka wote, nalo ndilo lenye faida kwa nchi yoyote ya kitropiki inayotafakari njia zake za chuma: namna hesabu ya reli hii ilivyoandikwa, safari ya kwanza ilipojengwa na safari ya pili ilipovunjwa, na gharama ambazo waandishi wa hesabu hizo waliziacha nje ya kitabu.

Tuanze na upana. Geji, maana yake nafasi kati ya chuma cha kushoto na chuma cha kulia, ilikuwa futi mbili na inchi sita, sawa na milimita 762. Msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa akiilinganisha na reli aliyoizoea. Reli ya zamani ya Mombasa na ile ya Kati ya Tanzania zina upana wa mita moja, na mpya zinazoitwa SGR zina milimita 1,435. Kwa hiyo reli ambayo sisi tumezoea kuiita nyembamba ingeonekana pana mbele ya ile ya Freetown. Tena zote mbili ni rika moja, kwa sababu ujenzi wa reli kutoka Mombasa na ujenzi wa reli kutoka Freetown ulianza mwaka ule ule wa 1896. Ya Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, baada ya kukata zaidi ya kilomita 900 za nyika na milima. Ya Freetown ilifika Songo mwaka 1899, Rotifunk mwaka 1900, na mji wa Bo mwaka 1903, umbali wa kilomita 220 hivi. Tofauti hiyo haikutokana na uvivu wa mtu. Uingereza iliitaka njia ya kwenda Uganda kwa sababu za kijeshi na kisiasa na ikawa tayari kuilipia, ilhali koloni dogo la Afrika Magharibi liliambiwa lijenge kwa kadiri ya mfuko wake.

Mfuko huo ulikuwa mwembamba, na hapo ndipo wembamba wa reli ulipotoka. Joseph Chamberlain, aliyekuwa waziri wa makoloni kuanzia 1895, alitaka reli za serikali katika makoloni ya Afrika Magharibi, na Gavana Frederic Cardew wa Freetown alikuwa miongoni mwa waliozipigia debe kwa nguvu zaidi. Lagos na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, zilipewa reli za futi tatu na inchi sita. Sierra Leone ilikadiriwa kuwa biashara yake haitalipa kiasi hicho. Mzigo uliotarajiwa ulikuwa mise, yaani kokwa za mchikichi, pamoja na mawese na kola: bidhaa zenye ujazo mkubwa na bei ndogo kwa tani. Njia nyembamba hupinda kwa urahisi zaidi na kwa hiyo huukwepa mlima badala ya kuupasua, hutaka tuta dogo na madaraja mepesi, na chuma chake chenyewe huwa chepesi. Mhandisi aliyeletewa fedha kidogo na nchi yenye mito mingi ya msimu wa mvua hakuwa na mengi ya kuchagua. Wala simlaumu. Ila tangu siku hiyo reli ilipangiwa ukubwa wa biashara iliyokuwapo mwaka 1896, na kuipanua baadaye kungehitaji kung'oa kila kitu na kuanza upya.

Fedha hizo kidogo nazo zilikuwa na historia yake. Mwezi Agosti 1896 Uingereza ilitangaza kwamba bara lote nyuma ya Freetown ni himaya yake, na ikaamua kwamba wenyeji ndio watakaolipia utawala uliokuja na tangazo hilo. Kodi ya nyumba ilianza kudaiwa mwaka 1898, shilingi tano kwa nyumba ya kawaida na kumi kwa nyumba kubwa. Mwezi Februari mwaka huo Bai Bureh, mmoja wa wakuu wa kaskazini, alianza vita huko, na mwishoni mwa Aprili Wamende wa kusini nao wakainuka. Bai Bureh alikamatwa mwezi Novemba, akapelekwa uhamishoni Gold Coast pamoja na wakuu wengine wawili, na hakurudishwa hadi mwaka 1905. Wakati anarudi reli ilikuwa imekwisha kufika Baiima, mashariki kabisa. Si sahihi kusema kwamba vita ile ilipiganwa kwa ajili ya reli, kwani kodi, kuvunjiwa heshima kwa wakuu na ukatili wa askari wa mpakani vyatosha kuieleza. Lakini reli, kodi na utawala mpya vilipangwa katika ofisi moja na vikamfikia mwanakijiji kama kitu kimoja, na kumbukumbu ya injini zenye rangi nzuri isiyomtaja Bai Bureh ni kumbukumbu iliyokatwa kichwa.

Njia ilipokamilika ilifika Pendembu, maili 227 na nusu kutoka Freetown, sawa na kilomita 366 hivi. Tawi moja lilichipuka Bauya kuelekea kaskazini na kufika Makeni mwaka 1914. Lilisogezwa kidogo hadi Kamabai, kisha kipande hicho cha mwisho kikaachwa mwaka 1931. Ramani yake ukiitazama utaona kwamba haikufuata miji mikubwa iliyokuwapo, bali ilifuata michikichi. Miji ndiyo iliyoifuata reli. Bo, ambayo kabla ya treni haikuwa na uzito mkubwa, ilipata shule ya watoto wa machifu mwaka 1906, na mwaka 1930 ikawa makao makuu ya utawala wa bara. Wafanyabiashara Wakrio, wazao wa watumwa walioachwa huru, kutoka Freetown walifungua maduka stesheni baada ya stesheni. Wakafuatiwa na Walebanoni, ambao walipewa jina la utani la Coral kwa sababu wengi wao walianza kwa kuuza shanga za marijani, na ambao baada ya muda waliwazidi Wakrio kwa kukubali faida ndogo na kuishi nyuma ya duka. Mwanamke aliyeponda kokwa kijijini alipata bei mbili: ya mbali na stesheni, na ya karibu na stesheni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi halisi ya reli, kupunguza idadi ya vichwa vya watu vilivyobeba mzigo na siku walizotembea.

Ilikuwa pia reli ya polepole, na hakuna haja ya kulificha hilo kwa sababu ya mapenzi. Safari ya kutoka Freetown hadi Pendembu ilichukua siku mbili, na abiria walilala Bo. Kona zile zile zilizookoa fedha za ujenzi zilidai malipo yake kila siku kwa namna ya saa zilizopotea, mabehewa machache kwa kila treni, na makaa mengi kwa kila tani iliyosafirishwa. Wahandisi walijaribu kuitibu hali hiyo kwa injini za Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, kwanza mwaka 1926 na tena katika miaka ya 1950. Hizi ni zile injini zenye fremu mbili za magurudumu na chombo cha mvuke kinachoning'inia katikati, zinazoweza kujikunja kwenye kona kama siafu kwenye mzizi, na zenye nguvu bila kukiumiza chuma chepesi. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaijua familia hiyo, kwani hata milima ya Afrika Mashariki ilivukwa kwa Garratt. Zilikuwa dawa nzuri. Hata hivyo ugonjwa ulikuwa kwenye njia yenyewe, na njia ilibaki kama ilivyokuwa.

Kile kipande cha kilimani nilichoanza nacho kinastahili kusimuliwa kikamilifu, kwa sababu kinaonyesha jinsi fedha zilivyopatikana haraka pale mhitaji alipokuwa mtu mwingine. Mwaka 1899 Ronald Ross, daktari aliyekuwa amethibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu, alifika Freetown kufanya utafiti. Serikali ilichukua matokeo ya sayansi yake na kuamua kwamba njia rahisi ya kuwakinga maofisa wa Kizungu ni kuwahamishia juu ya kilima, mbali na mbu na mbali na Waafrika waliodhaniwa kuwa hifadhi ya ugonjwa. Ukajengwa mtaa wa Hill Station, nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, wakaazi wake wakiwa Wazungu peke yao. Mwaka 1904 ukajengewa reli yake, njia ya kilomita tisa hivi yenye mwinuko mkali, ili maofisa washuke asubuhi kwenda kazini na kupanda jioni. Magari ya mota yalipozidi, ikafungwa. Bado naona ni ajabu kwamba njia iliyojengwa ili watu wa mjini wasiishi jirani na Wazungu ndiyo iliyowaachia watu wa mji huo jina la barabara.

Walioiendesha reli walikuwa Waafrika, na karakana za Cline Town, mtaa wa mashariki mwa Freetown, ziliwafundisha wengi wao kazi ya chuma, mbao na mvuke kuliko mahali pengine popote katika nchi. Kwa sababu hiyo hiyo zilikuwa mahali pa kujifunza siasa. Mwezi Julai 1919 wafanyakazi wa reli na wa idara ya ujenzi waligoma wakidai posho ya vita ambayo hawakuwa wamelipwa, na mgomo huo ukakutana na ghasia za bei ya mchele ambamo maduka ya Walebanoni yaliporwa. Mwaka 1926 waligoma tena kwa wiki sita, wakiungwa mkono waziwazi na raia wa Freetown, hadi Gavana Slater alipouvunja mgomo kwa nguvu. Katika historia ya vyama vya wafanyakazi Afrika Magharibi wiki hizo sita zina nafasi kubwa. Katika picha za injini zinazosambazwa leo, mafundi hao hutokea pembeni, bila majina, wakiwa wameegemea tangi la maji.

Sasa tufike kwenye utajiri, maana hapa ndipo hesabu inapoanza kupinda. Mwaka 1933 kampuni ya madini iliyojulikana kama DELCO ilianza kusafirisha chuma ghafi kutoka Marampa hadi bandari ya Pepel kwa reli yake yenyewe. Reli hiyo ilikuwa na upana wa futi tatu na inchi sita. Haikuunganishwa na reli ya serikali, na haingeweza kuunganishwa bila kuhamisha mzigo kwa mikono, kwa sababu behewa la upande mmoja lisingesimama kwenye chuma cha upande wa pili. Nchi ndogo kiasi hicho ikawa na reli mbili zisizosalimiana. Miaka michache kabla, mwaka 1930, almasi zilikuwa zimegunduliwa Kono, sehemu ambayo reli haikufika na haikuwahi kufika. Lakini hata ingefika, almasi hubebwa mfukoni. Kwa hiyo bidhaa mbili zilizokuja kuipa Sierra Leone fedha zake za kigeni zilikuwa moja yenye reli yake binafsi na nyingine isiyohitaji reli kabisa. Reli ya umma ilibakiwa na kokwa za mchikichi, kahawa na kakao za mashariki, na abiria wa daraja la tatu. Halafu ikaulizwa kwa nini haitoi faida.

Swali hilo lilianza kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi kadiri barabara zilivyozidi. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilizijenga barabara kama matawi ya kuilisha reli tu, ikihofia kwamba lori lingeinyang'anya mzigo, na ndiyo maana Freetown haikuunganishwa na bara kwa barabara hadi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huo ulikuwa ulinzi uliopita kiasi, na wananchi waliulipia kwa nauli na kwa muda. Lakini baada ya vita mkono ulielemea upande wa pili. Barabara zilijengwa sambamba na reli kwa fedha za umma, na gharama zake zikagawanywa katika mafungu ambayo hakuna mtu aliyeyajumlisha: ujenzi kwenye idara moja, matengenezo kwenye nyingine, mafuta kwenye fedha za kigeni, na lori kwenye mfuko wa mwenye lori. Reli kwa upande wake ilikuwa na kitabu kimoja, chenye tuta, daraja, injini, mishahara na pensheni, na mwisho wa mwaka mstari mmoja mwekundu. Kulinganisha vitu hivi viwili kwa namna hiyo ni sawa na kumpima mtu mmoja akiwa na mizigo yake yote na mwingine akiwa amevua hata viatu.

Sisemi kwamba hasara ilikuwa ya kubuni. Ilikuwepo, na ilikuwa kubwa kwa taifa changa lililopata uhuru tarehe 27 Aprili 1961. Injini zilikuwa zikizeeka na viwanda vilivyoziunda vikitoweka. Kiwanda cha Beyer Peacock chenyewe kilifungwa mwaka 1966, na vipuri vya geji ambayo hakuna jirani yeyote aliyeitumia vilikuwa vya kuagizwa kwa oda maalumu. Lakini inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka ule ule wa uhuru mabehewa mapya yalikuwa yakitoka kiwandani Gloucester, Uingereza, na kwamba yalikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu njia ilipofungwa. Kwa behewa huo ni ujana.

Shinikizo la kuifunga lilitoka katika mpango wa kubana matumizi ulioshauriwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi. Utekelezaji ukaangukia serikali ya Siaka Stevens na chama chake cha APC, kilichoshika madaraka mwaka 1968. Njia ilipunguzwa kipande kwa kipande hadi 1974. Kusini na mashariki, maeneo yaliyokuwa ngome ya chama cha upinzani cha SLPP, wengi wanaamini hadi leo kwamba Stevens aliing'oa reli ili kuwaadhibu kwa kura zao. Imani hiyo ina mantiki yake, kwa kuwa njia kuu ilipita katika nchi ya Wamende na maumivu ya kuifunga yaliwaangukia wao zaidi. Ila inaacha maswali mawili bila majibu: ushauri wa kufunga ulitangulia utawala wake, na tawi la Makeni lililoelekea kaskazini, walikokuwa wafuasi wake, halikunusurika. Rai yangu ni kwamba siasa haikuliamua jambo, bali iliondoa kizuizi. Serikali yenye wapiga kura wengi mashariki ingebishana na washauri, ingeomba muda, ingeponya kipande cha Freetown hadi Bo au Kenema. Serikali ya Stevens haikuwa na sababu ya kubishana.

Kuna kinaya hapa ambacho sijaona kikizungumzwa vya kutosha. Stevens alikuwa mtu wa reli. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi katika ujenzi wa njia ya DELCO kati ya Marampa na Pepel, akawa mkuu wa stesheni, na kutoka huko akapanda ngazi kama kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa migodi. Aliijua tofauti kati ya reli inayobeba mawe ya kampuni na reli inayobeba watu. Ile ya kampuni iliendelea kufanya kazi mwaka mmoja zaidi ya ile ya umma, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1975.

Hata hivyo kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote halikuwa kufunga. Tawi la Makeni lingeweza kutetewa kwa shida sana, na pengine hata nusu ya mashariki ya njia kuu. Kosa lilikuwa kung'oa. Reli iliyofungwa inaweza kusubiri: tuta hubaki, hati ya ardhi hubaki, madaraja hubaki yakipata kutu polepole, na kizazi kingine chenye mahesabu mengine kinaweza kurudi kupima upya. Chuma kikishauzwa kwa bei ya chakavu na watu wakishajenga juu ya tuta, uamuzi wa mawaziri wachache wa mwaka mmoja unakuwa uamuzi wa daima. Mwaka 1973, wakati kazi ya kufunga ikielekea mwisho, bei ya mafuta duniani ilianza kupanda na ndani ya miezi michache ikawa mara nne. Mlinganisho wa lori na treni uliotumiwa kuihukumu reli ulikuwa umepitwa na wakati kabla treni ya mwisho haijaondoka. Hakukuwa tena na kitu cha kurudia.

Visiwani Zanzibar jambo hili liliwahi kutokea kwa kipimo kidogo zaidi. Reli ya Bububu, ya futi tatu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza mwaka 1905 kutoka Ngome Kongwe, ilinunuliwa na serikali mwaka 1911. Ikaacha kubeba abiria mwaka 1922 barabara ilipokuwa nzuri, ikatumika kubeba mawe ya kazi za bandari, kisha ikaondolewa. Ilikuwa ya kilomita 11 tu na mji wa Bububu haukufa kwa kuikosa. Nailinganisha na ya Sierra Leone ili kuonyesha kwamba kuiondoa reli fupi iliyozidiwa na barabara kunaweza kuwa busara. Kuondoa kilomita 366 zilizobeba nusu ya nchi mgongoni ni jambo la aina nyingine, ingawa kwenye karatasi ya mhasibu yanaandikwa kwa maneno yale yale.

Kilichobaki kimetawanyika kwa namna ya kusikitisha na kufurahisha. Mwaka 1975 injini namba 85, iliyoundwa na Hunslet wa Leeds mwaka 1954, na mabehewa manne ya Gloucester, vilichukuliwa na reli ya watalii ya Welshpool na Llanfair huko Wales, ambayo kwa bahati ina upana ule ule wa milimita 762. Mabehewa yaliyoundwa kwa ajili ya abiria wa Bo na Kenema yakawa yanapitisha familia za Kiingereza kati ya malisho ya kondoo. Nyumbani, mabaki mengine yalifungiwa katika mabanda ya Cline Town. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Machi 1991 katika wilaya ya Kailahun, ile ile ambamo reli iliishia, na kuendelea hadi 2002, wakimbizi wa ndani walifika hadi ndani ya mabanda hayo na kuishi humo. Kwamba injini na mabehewa hayakukatwakatwa na kuuzwa kilo kwa kilo ni sifa ya wafanyakazi wa zamani waliokataa kuyaachia, watu ambao serikali ilikuwa imewaondoa kazini miaka mingi nyuma. Mwaka 2004 ofisa wa jeshi la Uingereza, Kanali Steve Davies, aliyekuwa nchini katika kazi ya kulifundisha jeshi la Sierra Leone, aliyaona, akayashughulikia, na mwaka 2005 Makumbusho ya Taifa ya Reli yakafunguliwa mahali hapo hapo.

Kitu kinachowavuta wageni zaidi ndani yake ni behewa lililotengenezwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth II mwaka 1961. Naelewa sababu. Ni zuri, na lina hadithi rahisi kusimulia. Lakini ningependa kuona, ukutani karibu yake, ukurasa mmoja wa vitabu vya mapato na matumizi vya miaka ya 1960, na pembeni ukurasa wa bajeti ya barabara ya miaka hiyo hiyo, na ramani ya bei ya mise kwa umbali kutoka stesheni. Ningependa pia majina ya waliogoma mwaka 1926. Si mbali na hapo lipo jengo la zamani la Chuo cha Fourah Bay, la katikati ya karne ya 19, ambalo baada ya chuo kuhama liligeuzwa kuwa makao makuu ya reli, kisha mahakama, na ambalo liliungua mwaka 1999 na kubaki kuta. Ndani ya jengo hilo zilikuwa zikikaa karatasi za reli. Injini zimeokolewa kwa sababu ni nzito kubeba. Karatasi hazina bahati hiyo.

Reli ya madini nayo ilirudi. Katika miaka ya kuelekea 2011 njia ya zamani ya Pepel ilikarabatiwa na kurefushwa hadi migodi ya Tonkolili, ikawa ya kilomita 200 hivi, kwa geji ile ile ya futi tatu na inchi sita aliyoifanyia kazi Stevens. Imekuwa ikisimama na kuanza tena kwa kufuata bei ya chuma duniani na mabadiliko ya wamiliki. Inapofanya kazi, treni hushuka pwani zikiwa zimejaa mawe mekundu na kupanda tena tupu, zikipita vijiji ambavyo watu wake husimama kando ya njia kungoja lori la kwenda Makeni.